Farumi, dungu na kufa hewa: kulinganisha njia za kutunga maneno ya meli za angani

Kamusi yangu ya kwanza ya meli za angani ilikuwa na maneno arobaini. Niliitunga kwa ajili ya mchezo wa hadithi tuliokuwa tukiucheza marafiki watano, kila mmoja na mhusika wake, wote ndani ya chombo kimoja kinachoelea kwa gesi juu ya mawingu. Nilijiona nimemaliza kazi. Baada ya jioni tatu yalibaki vinywani mwa watu maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa "farumi", neno la mabaharia ambalo wala sikulibuni. La pili lilizaliwa kwa bahati: chombo kilikuwa kinapasuka, mwenzetu mmoja akaanza kupiga kelele "tunakufa maji!", akakumbuka kwamba maji yako mbali huko chini, akamalizia "tunakufa... hewa!"

Yale mengine thelathini na nane, kina gwilimba na zorofandi na mtukwezi, hakuna aliyeyauliza tena.

Tangu hapo nimetunga kamusi za mzaha za namna hiyo mara kadhaa, na maswali ni yaleyale: neno litoke wapi, na maana yake iandikwe kwa sauti ya nani? Njia ziko nyingi, na iliyofaa kwa hadithi huenda ikaua mchezo wa jioni moja. Nitaziweka ubavu kwa ubavu, na sitaficha ninayoipenda.

Uzito kwanza

Kuna jambo moja halina cha kuchagua. Kabla ya neno lolote, ujue chombo chako kinaeleaje, maana mzaha wenyewe utatoka humo. Mita moja ya ujazo ya hidrojeni huinua kilo 1.1 hivi, heli huinua pungufu kidogo, ila haishiki moto. Hindenburg, meli ya Kijerumani yenye urefu wa mita 245, ilijazwa gesi ya mita za ujazo zipatazo laki mbili, na bado waundaji wake walihesabu kila kilo, hata piano ya sebuleni iliundwa kwa aluminiamu. Jua likiwaka, gesi hupanuka na chombo hupanda bila kuombwa. Usiku ukiingia, hushuka. Mvua ikinyesha, ganda hulowa na kuwa zito. Injini zikila mafuta, chombo huzidi kuwa chepesi, na nahodha hana budi ama aachie gesi aliyoilipia ama akinge maji ya mvua ili apate uzito. Graf Zeppelin, meli nyingine ya Kijerumani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1928, iliikwepa taabu hiyo kwa kuchoma gesi yenye uzito unaokaribiana na wa hewa badala ya petroli. Gesi ile iliisha safarini na chombo hakikujua.

Sasa hesabu maneno yanayongoja kuzaliwa humo. Kunahitajika jina la kupanda usikokukusudia. Jina la abiria anayelaumiwa kwa kula sana. Jina la mvua inayoshangiliwa, na jina la mvua hiyohiyo ikizidi. Mimi nilianza na herufi za ajabu, nikaambulia herufi za ajabu. Ningeanza na mizani ningepata maneno ambayo wahusika wangeyahitaji hata kama nisingekuwepo kuyatunga.

Neno tupu na neno la jahazini

Neno tupu halina mzazi. Gwilimba ni neno tupu. Faida yake ni kwamba unaweza kulitwisha maana yoyote na hakuna wa kukusahihisha. Neno la jahazini ni neno halisi la mabaharia lililopandishwa juu, na Kiswahili kimejaliwa hayo kama mchanga: nahodha na serahangi (msimamizi wa mabaharia), tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo), ngama, banduru, amari, kalafati, farumi. Wasomaji wengi wa leo wameyasikia kwenye methali na mashairi kuliko chomboni, na hapo ndipo utamu ulipo. Yana mifupa, yana harufu ya kamba na mafuta ya sifa, lakini mlango wake uko wazi nusu tu, na wewe unaweza kuusukuma utakako.

Linganisha maneno mawili yenye kazi moja (nm ni nomino, na kt utakayoikuta mbele ni kitenzi):

*gwilimba* nm [i-/zi-] mzigo unaomwagwa ili chombo kipande.

*farumi* nm [i-/zi-] 1. (baharini) mawe au mchanga unaotiwa chomboni ili kisiyumbe. 2. (angani) maji yanayomwagwa ili chombo kipande. 3. abiria aliyekutwa hana tiketi.

La kwanza umelielewa, na nina hakika umeshaanza kulisahau. La pili limekupandisha ngazi tatu, na ile ya tatu inachekesha kwa sababu ya pili imekwisha kukuambia farumi hufanywa nini. Neno tupu lina ngazi moja. Ukitaka lichekeshe itabidi ulijengee historia nzima, na kufikia hapo msomaji kashageuza ukurasa.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitambua mwanzoni: bahari na anga hupinduana. Baharini chombo huzama kwa kinachoingia, angani kwa kinachotoka. Fundi kalafati wa baharini huziba ili maji yasipenye. Mwenzake wa angani huziba ili kitu kisichoonekana kisiondoke, na hajui kama kazi imekwisha mpaka chombo kikatae kushuka. Ngama ya jahazi iko chini kabisa, kila kitu huishia humo, na ndiyo maana wahenga walisema "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ipeleke ngama angani na itakuwa juu ya vichwa, mahali gesi inapokusanyika. Methali haikubadilika hata herufi, lakini kwa wanahewa, yaani mabaharia wa angani, imegeuka dua.

Neno ninalojivunia kuliko yote ya njia hii ni *kubisha*. Kwa mabaharia ni kukipeleka chombo cha tanga dhidi ya upepo kwa kupindapinda. Meli ya angani haiwezi hilo. Jahazi hubisha kwa kuwa tumbo lake limeshikwa na maji huku tanga limeshikwa na upepo. Chombo kilichozama chote ndani ya hewa hakina cha kukishika, kinachukuliwa na upepo jinsi kilivyo, na injini zikizimwa waliomo hawahisi hata upepo wenyewe, maana wanakwenda nao. Kwa hiyo maana ya kwanza inakufa na kuacha pengo:

*kubisha* kt 1. (zamani, baharini) kwenda mbele dhidi ya upepo. 2. kumweleza nahodha kwamba hatuendi mbele.

Maana ya pili ilikuwa tayari ndani ya Kiswahili. Nilichofanya ni kuiondolea ya kwanza njiani.

(Na kwa hili hili nawasihi wanaochora meli zao za angani zikiwa na matanga makubwa yaliyojaa upepo: uzuri unakubalika, ila msiwape wahusika maneno ya kurekebisha tanga kwa bidii, kwa sababu msomaji mmoja ataelewa, naye atawaambia wengine.)

Kasoro ya njia hii ni kwamba hukuvuta kurudi majini. Ukiyachukua maneno yote ya jahazi, utaishia na jahazi lililotundikwa kwenye puto. Mimi najiwekea mpaka: kila neno la bahari nililopandisha sharti liwe limepinduka mahali fulani. Lisilopinduka nalirudisha bandarini. Kingine ni heshima. Maana ya kwanza iandikwe sawasawa, kama ilivyo kwa wenyewe, ndipo uichezee. Anayeijua bahari huvumilia mzaha juu ya farumi. Havumilii kuambiwa kwamba omo iko nyuma.

Neno tupu linashinda mahali pamoja tu, pale ambapo jambo lenyewe halina ndugu baharini. Hata hapo, napenda liwe tupu nusu. Nilitaka jina la hali ya adhuhuri, gesi imepata joto, chombo kinapanda chenyewe na kila mtu amekunja uso. Nikajaribu "zorofandi", likakataa. Nikajaribu *fukuruti*, na hakuna aliyeuliza maana. Sikio lilikwisha kuisikia "fukuto" ndani yake.

Kunyambua, kuunga, kuiga sauti

Kama ningeambiwa nibaki na njia moja, ningebaki na kunyambua. Lugha yetu inakuruhusu kuchukua kitenzi cha kila siku, ukaongeza kipande kisichowahi kuongezwa, na msikilizaji akakokotoa maana kabla hujamweleza:

*kunenepeana* kt kutazamana kwa jicho la lawama baada ya mlo, chombo kinapoanza kushuka.

"Kunenepa" kunajulikana. "-ana" inajulikana. Haijulikani tu watu wananenepeanaje, na ndani ya meli ya angani jibu linakuja lenyewe, kwa sababu kila kilo ya mmoja ni msiba wa wote. Neno tupu lingetumia sentensi tatu kufika hapo.

Wakati mwingine mnyambuliko umekwisha kufanywa na wazee, ni wewe tu hujatazama. "Kuelea" ni kukaa juu ya maji au hewani. "Kuelea" pia ni jambo kuwa wazi akilini, kama unaposema "limenielea", na ndiko "kuelewa" kulikotoka. Basi:

*maelewano* nm [ya-] hali ya vyombo viwili kuelea sambamba bila kugongana. *Maelewano yalivunjika saa nane usiku, vipande vikaokotwa asubuhi.*

Siku niliyoipata hiyo nilicheka peke yangu mpaka nikaona haya.

Kuunga maneno mazima, kwa mtindo wa kinasasauti na kipazasauti, hutoa majina ya kazi na vyombo. Ni njia salama, haipotezi mtu, lakini mara nyingi ni kavu: *kipimagesi*, *kizibatundu*, basi. Inakuwa hai pale maana inapolikanusha neno. Meli za kweli zilihitaji makundi makubwa ya watu chini, wakizivuta kwa kamba wakati wa kutua. Mei 1932, karibu na San Diego nchini Marekani, meli ya jeshi iitwayo Akron ilinyanyuka ghafla. Watu watatu hawakuachia kamba kwa wakati. Wawili walianguka wakafa, wa tatu aling'ang'ania hadi akavutwa ndani akiwa hai. Ukilijua hilo, huwezi tena kuandika kwamba mshikakamba ni "mtu anayeshika kamba". Mimi niliandika hivi:

*mshikakamba* nm wa- [a-/wa-] mtu anayejua wakati wa kuachia.

Haichekeshi sana. Lakini katika kamusi yote hilo ndilo neno ambalo wachezaji wangu walilitamka kwa sauti ya chini, na kamusi ya mzaha inahitaji mawili matatu ya namna hiyo ili mengine yawe na uzito.

Kuchanganya vipande, kama chakula cha mchana kilivyozaa chamcha na cha jioni kikazaa chajio, ni kwa kiasi. Puto na uzembe vilinipa *puzembe*, chombo kilichofungwa mlingotini muda mrefu hadi ndege wakajenga viota. Moja kama hilo linatosha. Ya pili na ya tatu huanza kunuka karatasi.

Kuiga sauti nitalipita haraka kwa kuwa halina siri: tulipata pikipiki na tingatinga kwa njia hiyo, na hata neno la Kiingereza "blimp", lenye maana ya meli ya angani isiyo na mifupa, baadhi ya watu husimulia kwamba ni mlio wa kidole kikigonga ganda. Tanakali zinafaa kwa mambo ya ghafla na kwa midomo ya watoto. Usiziandikie maana ndefu. *Fyuu*: habari mbaya. Inatosha.

Jambo ambalo wengi hulisahau katika njia zote hizi ni ngeli. Ngeli ni mzaha usiogharimu kitu. Mwite nahodha *kijinahodha* na umemaliza wasifu wake. Waache wanahewa wakiseme chombo chao kwa "a-" badala ya "ki-", "ameamka vibaya leo", na msomaji atajua, bila kuambiwa, kwamba watu hawa wanaishi ndani ya kitu wanachodhani kinawasikia.

Sauti ya nani

Hapa ndipo uchaguzi mgumu ulipo, na hapa ndipo kamusi nyingi za mzaha zinapokufa: zote zimeandikwa na mtu mmoja mcheshi ambaye hayumo chomboni.

Chukua neno moja tulipime kwa sauti tatu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baadhi ya meli za angani za Kijerumani zilijificha juu ya mawingu na kumteremsha mtu mmoja ndani ya kikapu kidogo, kwa waya mrefu, hadi chini ya mawingu. Aliitazama ardhi na kuwaelekeza waliobaki juu kwa simu. Inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilipata wa kujitolea, kwa kuwa kule chini, mbali na hidrojeni, mtu aliweza kuvuta sigara. Mimi kikapu hicho nilikiita *dungu*, kwa jina la kile kilingo cha shambani anachokaa mlinzi wa ndege na nguruwe. La shambani humpandisha mlinzi. La angani humshusha. Limepinduka, kwa hiyo lina kibali changu.

Kwa sauti ya kamusi:

*dungu* nm ma- [li-/ya-] kikapu cha mtu mmoja kinachoteremshwa chini ya mawingu ili mlinzi aone ardhi wakati chombo chenyewe hakionekani.

Kwa sauti ya serahangi:

*dungu*: mahali pa kumpeleka anayesema yeye anajua tulipo.

Kwa sauti ya kanuni za wenye chombo:

*dungu*: sehemu ya kazi. Mfanyakazi aliyemo anahesabiwa kuwa yuko chomboni, isipokuwa waya ukikatika, ambapo anahesabiwa kuwa amejiuzulu kuanzia dakika hiyo.

Ya kwanza haikuchekesha, lakini bila hiyo usingezielewa mbili zinazofuata. Ya pili inakupa mtu: umemwona serahangi, amechoka, ana kiburi kidogo, hapendi vijana. Ya tatu inakupa dunia nzima, na nani ndani yake anamiliki nini. Ninapopima kwa kicheko peke yake, kanuni hushinda kila mara. Ninapopima kwa kudumu, hushindwa. Kurasa mbili za lugha ya kanuni zinachosha kama kanuni zenyewe, maana kila mzaha una umbo moja: sentensi ya upole yenye kisu mwishoni. Serahangi anaweza kuendelea hadi kesho, kwa kuwa leo ana hasira, kesho ana mafua, keshokutwa amependa.

Ninavyofanya siku hizi: sauti ya kamusi inabeba maneno yote, serahangi anaingilia pale anapoona kamusi imedanganya, na kanuni zinajitokeza mara tatu au nne tu, daima kuhusu kifo au mshahara. Unaweza kuongeza sauti ya nne, ya abiria wa daraja la juu asiyejua chochote, lakini huyo ni rahisi mno kumchekea. Mimi nilimtoa.

Mzaha ukae wapi

Hata ukishapata sauti, mzaha unaweza kukaa kwenye maana yenyewe, kwenye mfano wa matumizi, kwenye asili ya uongo ya neno, au kwenye methali. Wanaoanza huurundika wote kwenye maana. Mimi nashauri mfano. Acha maana iwe nyoofu kama rula, halafu sentensi ya mfano iseme jambo ambalo maana haikuthubutu:

*kufa hewa* kt kushuka upesi kuliko ilivyopangwa. *Alikufa hewa mara mbili, akaacha kazi, sasa anauza mboga na hapandi hata kiti.*

Ukiisogeza ile habari ya mboga ndani ya maana, inakufa. Ndani ya mfano inakuwa maisha ya mtu.

Asili ya uongo ni chakula cha sherehe. Inapendeza pale inapokaribia ukweli, na ukweli wa meli hizi una vituko vya kutosha. Novemba 1917 Wajerumani walituma meli iitwayo L 59 kutoka Bulgaria, iwapelekee shehena majeshi yao yaliyokuwa vitani Afrika Mashariki. Haikutarajiwa kurudi. Kila kipande chake kilikuwa kimepangiwa kazi ya pili: kitambaa cha ganda kiwe mahema, kitambaa cha ndani kiwe bandeji, na mifupa yake iwe milingoti ya redio. Ilifika juu ya Sudan ikaamriwa kurudi, ikawa imekaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,800 hivi bila kushusha mzigo. Niliposoma hayo nilibadilisha kamusi nzima. Sasa kila kifaa chomboni kina maana mbili, ya pili ikiwa na alama ya "baada ya kutua mara ya mwisho". Ganda: 1. ngozi ya chombo. 2. hema. Ngazi: 1. ya kupandia. 2. machela. Nahodha: 1. mkuu wa chombo. 2. shahidi.

Methali za kubuni nazo ni kishawishi kikubwa, na nyingi huwa mbovu kwa sababu mtunzi anazitunga kutoka hewani (samahani). Pindua iliyopo. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" ikapanda juu ikawa "Mgeni siku mbili, ya tatu mwite farumi." Na mara nyingine usiguse kitu: "Ukiona vyaelea, vimeundwa" iliingia katika dunia ile nzimanzima, ikaandikwa mlangoni mwa karakana.

Kuna pia maana fupi kupita zote, ile ya kumpeleka msomaji kwingine. Ndani ya Hindenburg, iliyobeba hidrojeni, kulikuwa na chumba maalumu cha kuvutia sigara, mlango wake wa mara mbili, shinikizo la hewa limeongezwa ili gesi isipenye, na ndani yake kiwashio kimoja tu cha umeme. Viberiti vya abiria vilibaki nje. Kwa hiyo katika kamusi yangu *kiberiti* hakina maana. Kimeandikwa: *taz.* mazishi.

Uchague ipi

Kwa mchezo wa jioni moja, ambapo kila mtu anaandika maana ya siri na wengine wanakisia iliyo ya kweli, tumia maneno matupu bila aibu. Hapo udhaifu wake unageuka nguvu: hakuna anayejua gwilimba ni nini, kwa hiyo wote mko sawa. Ukileta farumi, aliyesoma kamusi halisi atashinda na kuwakera wote. Sauti iwe ya kamusi kavu, kwa kuwa mzaha wa wazi hujifichua.

Kwa mchezo mrefu wa hadithi, maneno ya jahazini na ya kunyambua, basi. Yasizidi kumi na mawili mwanzoni. Usiwagawie wachezaji orodha. Yaseme tu kupitia mdomo wa serahangi na usubiri. Litakaloombwa maana ndilo lenye uhai, na lisiloombwa kwa jioni tatu lifute. Acha nafasi kwa makosa ya ulimi, kwa sababu "kufa hewa" hadi leo linanishinda kila nilichokitunga nikiwa mezani na kalamu.

Kwa hadithi ya kuandikwa mambo hubadilika kidogo. Msomaji yuko peke yake, hana wa kumuuliza, kwa hiyo kunyambua kunapaswa kutangulia na maneno ya jahazini yafuate, kila moja likiwa karibu na tendo linalolieleza. Kamusi yenyewe iweke mwishoni mwa kitabu, na iwe na jambo ambalo hadithi haikulisema. La sivyo ni orodha ya kurudia. Hapo ndipo sauti za kanuni na za serahangi zinapoweza kugombana waziwazi, neno kwa neno, mpaka msomaji agundue kwamba kumbe kuna kisa kingine kinasimuliwa kwa mpangilio wa alfabeti.

Katika ile niliyo nayo mkononi sasa, serahangi ameandika chini ya A kwamba hatawahi kumsamehe nahodha. Chini ya M, kwenye *mshikakamba*, kuna jina limefutwa. Na chini ya N kanuni zinasema *nahodha* ni "taz. shahidi", na kwenye *shahidi* zinasema "taz. nahodha", na katikati ya hayo mawili serahangi ameandika kwa penseli: nimetazama kote, hayupo.